Semina Iringa, na Vituo Vilivyo Njiani

Sisi watumishi wa umma wa ngazi za chini na za kati husafiri kwa sababu tatu: msiba, harusi na semina. Sijapata kumwona karani wa masijala, yaani ofisi inayotunza majalada, aliyejaza fomu ya likizo akaandika kwamba anakwenda kutazama milima ya mkoa asioujua. Msibani hakuna nafasi ya kutazama kitu, na harusi ina kamati inayokupangia kila saa. Semina peke yake ndiyo inayomwacha mtu akiwa na nauli iliyokwisha kulipwa, posho ya kujikimu mfukoni, na saa za jioni ambazo hakuna anayezidai. Barua ya kuniita kwenye mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu mjini Iringa iliponifikia, ikiwa na dokezo la mkuu wangu kwamba niende, niliamua siku hiyohiyo kwamba sitasafiri kama kifurushi kinachopakiwa Tanga na kushushwa kinakokwenda. Niliomba siku chache za likizo yangu ya mwaka ziunganishwe na safari, ili vituo nitakavyosimama viwe kwa muda wangu na kwa fedha yangu, na marejesho ya masurufu, yaani fedha ya safari niliyopewa na ofisi, yasiwe na stakabadhi hata moja inayohitaji maelezo.

Mama mdogo alipopata habari aliuliza nitafuatana na nani. Nilipomjibu kwamba ofisi yetu imepewa nafasi moja tu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi usifike mahali usiku, mwanangu." Nililichukua neno lake nikalifanya ratiba. Kila kituo nilipanga nifike kabla ya jua kuzama; kila nyumba ya wageni niliitafuta kwa simu kabla ya kuondoka, nikampa dada yangu namba ya mapokezi; na mzigo wangu ulikuwa begi moja ninaloweza kulibeba mwenyewe bila kumwomba mtu, kwa sababu mwanamke aliye peke yake stendi, mwenye mizigo mitatu, huwa tayari amekwisha kuwakabidhi wapagazi uamuzi wa kule anakokwenda. Namweleza hivi kila mwenzangu anayeogopa kwenda semina za mbali. Woga wake una msingi, nami sipuuzi, lakini sehemu kubwa ya woga huo huondolewa na saa ya kuondoka nyumbani.

Kutoka Tanga hadi Segera naijua njia kwa kuipita tangu utotoni, mashamba ya mkonge na machungwa ya Muheza yaliyopangwa barabarani, na kutoka Segera hadi Chalinze ni mwendo wa kusinzia. Nililala Morogoro. Aliyeshuka stendi ya Msamvu akainua macho huikuta milima ya Uluguru imesimama karibu kiasi kwamba mitaa ya mji inaonekana kuishia miguuni mwake, na alasiri ile mawingu yalikuwa yamekaa nusu ya mlima, juu na chini pakiwa wazi. Nilikwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu kununua ndizi, nikakaa kwenye benchi la muuza chai, mzee wa makamo, ambaye baada ya kuniuliza natoka wapi alianza kunieleza Morogoro ya muziki: Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na jinsi wote wawili walivyokufa kwa ajali za gari, mmoja mwaka 1965 na mwingine mwaka 1979. Aliyataja majina hayo kwa sauti ambayo mtu huitumia kwa ndugu waliotangulia. Ningekuwa na mwenzangu mezani, tungezungumza yetu, na mzee yule angeendelea kusuuza vikombe vyake.

Hilo nililiona tena na tena njia nzima. Watu wawili wanaosafiri pamoja ni nyumba iliyofungwa mlango, lakini mtu mmoja huulizwa. Huulizwa anatoka wapi, anakwenda wapi, ana watoto wangapi, kwa nini hakufuatana na mtu, na akijibu kwa adabu hupewa maelezo ambayo hayapo kwenye kitabu chochote cha wageni.

Siku iliyofuata basi lilipita Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakata hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilomita zipatazo 50, na abiria wa kawaida kabisa, aliyelipa nauli ya Iringa au Mbeya, huwaona twiga na pundamilia bila kulipa kiingilio. Vipo vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa, na dereva wetu alipunguza mwendo kama inavyotakiwa. Mtoto wa shule aliyekaa jirani yangu, aliyekuwa akirudi Mafinga, aliwahesabu swala hadi akachoka. Tembo tulimwona mmoja, mbali, amegeuzia barabara mgongo. Nilijiuliza ni watumishi wangapi wameipita njia hii mara nyingi wakiwa wamefunga pazia la dirisha ili walale, kwa sababu safari ya kikazi tumeizoea kuwa ni uchovu wa kuvumilia hadi ukumbini.

Baada ya Mikumi nchi inashuka na kupata joto, milima inasogea, kisha inakuja mibuyu. Ukifika Ruaha Mbuyuni inakuwa mingi hadi mlimani, na katika kiangazi, ikiwa haina majani, inaonekana vizuri zaidi kwa umbo lake. Mto Ruaha Mkuu unapita hapo, na kwa maji yake watu wanalima vitunguu. Mabasi mengi husimama kwa chakula, nami badala ya kupanga foleni ya chipsi nilikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akijaza vitunguu kwenye nyavu nyekundu. Kila kitunguu alikishika kwanza shingoni kwa kidole gumba, akaibonyeza, kisha akaamua kama kinaingia kwenye wavu au kinawekwa pembeni kwenye sufuria ya mboga ya nyumbani. Nilimwamkia, nikamwuliza anatafuta nini pale shingoni. Akanieleza kwamba kitunguu ambacho shingo yake haijakauka vizuri kitaoza kabla ya kufika Dar es Salaam, na kitaozesha jirani zake. Aliyasema bila kuinua macho, mikono ikiendelea. Nilinunua wavu mdogo, nao ulifika Tanga salama.

Mlima Kitonga unaanza muda mfupi baada ya hapo. Barabara inapanda kwa kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, na malori yanayobeba shaba kutoka Zambia na Kongo yanateremka taratibu kwa gia nzito huku basi letu likipanda. Ndani ya basi maongezi yalipungua. Juu ya mlima hewa ilikuwa nyingine kabisa, na abiria wazoefu walianza kutoa masweta.

Nilikuwa nimemwomba kondakta anishushe Lugalo, kabla ya Iringa, palipo na mnara kandokando ya barabara kuu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akanishusha na kunionyesha mahali pa kusubiri Coaster za kwenda mjini. Hapo Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa, yaani mtawala wao, Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakakiangamiza kwa muda mfupi, na Zelewski mwenyewe akauawa. Wajerumani waliirudia Uhehe kwa nguvu baada ya miaka mitatu. Mnara wenyewe uliwekwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Nilisimama mbele yake kwa muda, nikaona jambo ambalo mtu wa masijala hawezi kuacha kuliona: kwamba katika vita ile walioshindwa ndio waliobaki na kalamu, na jiwe lililowekwa kando ya barabara ni kumbukumbu ya upande mmoja tu. Mashujaa wa Uhehe waliokufa siku ile, nao walikuwa wengi, hawana jiwe la namna hiyo. Wana simulizi, na simulizi inahitaji mtu wa kuisimulia na mtu wa kusimama na kuisikiliza.

Mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri, na nayasema haya kwa sababu watu hudhani anayependa kutembea hakwenda kusoma. Tulikuwa watunza kumbukumbu wa halmashauri na taasisi mbalimbali, wengine kutoka Kasulu, wengine Namtumbo, na mwalimu wetu alikuwa mtu aliyekaa masijala kwa miaka mingi kabla ya kufundisha. Tulipitia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, tukafika kwenye mambo yanayotutesa kila siku: jalada lililofunguliwa mara mbili kwa mada moja, barua iliyowekwa bila namba ya folio, yaani namba ya mpangilio wake jaladani, dokezo sabili, lile lisilofungwa kwenye jalada, linalozunguka ofisini hadi likapotea, na masanduku ya majalada tuli, yale yasiyotumika tena kila siku, yanayorundikwa stoo yakingojea mtu wa kuyachambua. Siku za mwisho tulizitumia kwa mfumo wa ofisi mtandao. Mwalimu alirudia mara kwa mara kwamba mfumo hautaponya jalada lililoharibika. Ukiingiza vurugu kwenye kompyuta utapata vurugu inayotafutika haraka zaidi. Niliandika sana.

Jioni tulipomaliza mapema nilizunguka mjini. Iringa imejengwa juu ya kilima, na Mto Ruaha Mdogo unapita bondeni chini yake, hivyo kutoka stendi ya Igumbilo hadi katikati ya mji ni kupanda. Mwishoni mwa Juni baridi inaanza mara tu jua linapoegemea. Mhudumu wa nyumba ya wageni, binti mdogo mwenye heshima, aliniongezea blanketi la pili bila kuombwa alipoona anwani niliyoandika kwenye kitabu chake, akasema watu wa pwani huwa hawalali usiku wa kwanza. Asubuhi nilijifunza kusema "kamwene" kwa wazee sokoni, na nilipoisema vizuri walicheka kwa furaha na kunipimia viazi kwa kuongeza.

Lakini safari hii kwangu ni Kalenga. Kijiji kipo umbali wa kilomita zipatazo 15 kutoka mjini, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, na daladala zinafika. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, iliyoangushwa na mizinga ya Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakukamatwa. Aliendelea kupigana porini kwa karibu miaka minne, huku zawadi ya rupia 5,000 ikitangazwa kwa atakayemleta, hadi alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 kuliko kuangukia mikononi mwao. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kijana aliyenitembeza kwenye makumbusho madogo yaliyopo hapo alinihadithia kwa utulivu, kama anayesimulia habari za ukoo, na sikumkatiza. Mkuki, bunduki, picha za ukoo. Kisha sanduku la kioo, na ndani yake fuvu. Lina tundu. Nilikuwa nimesoma habari zake shuleni, sentensi mbili au tatu, na nilidhani ninajua nitakachokiona. Kusimama mbele yake, umbali wa mkono, katika chumba kimoja kidogo ambamo tulikuwa watu wawili tu, ni jambo jingine. Ni kidogo kuliko nilivyotazamia, na rangi yake ni ya kitu kilichoshikwa na watu wengi.

Sasa nieleze kwa nini mtunza kumbukumbu anatakiwa kufika hapo. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246, na kifungu hicho, katikati ya mambo ya mipaka na fidia za mataifa makubwa, kinaitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Kwa hesabu hiyo fuvu lilitakiwa kukabidhiwa kufikia Julai mwaka huo. Ujerumani ikajibu kwamba halipatikani, na jambo likalala. Ni Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliyeliamsha katika miaka ya 1950: akaenda kwenye makumbusho ya mji wa Bremen, ambako mafuvu mengi yaliyokusanywa makoloni yalikuwa yamehifadhiwa, na kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa, na kwa kutazama alama ya risasi, likachaguliwa moja. Tarehe 19 Juni 1954, hapo Kalenga, alimkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Miezi sita iliyoandikwa kwenye karatasi ilichukua takribani miaka 34 zaidi. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama fuvu lililorejeshwa ndilo lenyewe, na shaka hiyo haiwezi kwisha, kwa sababu kitu kilichukuliwa na kuwekwa rafuni bila maandishi ya kuaminika ya kuonyesha ni cha nani, kilitoka wapi, na nani alikileta. Wiki ile nzima mwalimu wetu alikuwa akituambia kwamba jalada lisilo na utambulisho limepotea hata kama lipo kabatini. Nilikuwa nimeinakili sentensi hiyo kwenye daftari kwa ajili ya mtihani. Pale Kalenga niliielewa kwa uzito wake wote, nikamfikiria kila mstaafu aliyepata kusimama dirishani kwetu akiomba barua yake ya kwanza ya ajira ili alipwe haki yake, naye anaambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu jalada lake halionekani.

Jambo jingine lilinigusa kama mtu wa Tanga. Miongoni mwa maafisa wa Kijerumani waliopigana na Mkwawa na kuwekwa kuitawala Uhehe alikuwa Tom von Prince. Baadaye aliacha jeshi akawa mlowezi Usambara, milima tunayoiona kutoka kwetu siku isiyo na mawingu, na vita ilipozuka aliitwa tena jeshini, akauawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, Waingereza walipoushambulia mji wetu kutoka baharini. Nimekulia katika mji huo. Nimepita mitaa ambamo vita hiyo ilipiganwa nikienda sokoni na kurudi. Ilinibidi nisafiri hadi Kalenga ili kijana wa Kihehe anitajie jina la mtu aliyefia karibu na nyumbani kwangu, na ndipo nilipoona kwamba Uhehe na Tanga ni kurasa za jalada moja.

Mwisho wa mafunzo wenzangu watatu walikuwa na nafasi kabla ya mabasi yao, nikawashawishi twende Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Ni korongo ambamo tangu mwaka 1951 zimepatikana zana nyingi za mawe za binadamu wa kale, zinazokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000, na zimelala pale chini, chini ya paa dogo, shoka za mawe zenye ncha zilizochongwa pande mbili. Mmoja wetu aliuliza kama zote ni za kweli. Mwelekezi akampa moja aishike. Aliigeuza kiganjani hadi ikakaa sawasawa, kidole gumba kwenye bonde lake, akasema taratibu kwamba aliyeitengeneza alikuwa na mkono wa kiasi cha wake. Mbele zaidi ya hapo zimesimama nguzo ndefu za udongo na mchanga zilizochongwa na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka. Mwenzetu wa Kasulu, mama mtu mzima aliyekwisha kuhudhuria semina nyingi kuliko sisi sote, alituambia kwamba hii ndiyo mara ya kwanza kwake kutoka nje ya ukumbi na hoteli katika mji wa semina.

Nilirudi Tanga moja kwa moja, kwa basi la alfajiri. Masurufu niliyarejesha kabla ya muda kwisha. Nimeandika ripoti ya mafunzo kama inavyotakiwa, na katika kipengele cha mapendekezo nimeomba vitu viwili: kwamba masanduku ya stoo yaanze kuchambuliwa robo hii ya mwaka, tukianza na majalada ya watumishi waliostaafu, na kwamba mtumishi anayeitwa kwenye mafunzo ya mbali aruhusiwe, kwa siku zake za likizo na kwa gharama zake, kuondoka mapema akapita njiani. La kwanza limekubaliwa, na tumekwisha kufungua masanduku ya awali. La pili bado lipo mezani kwa mkurugenzi.